Mtungi Langoni
Mazungumzo mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya mwaka ya hekalu letu, Mombo

  

Kamati imetuomba tuseme machache kuhusu huduma ambazo hekalu hili huwatolea majirani. Tumeona tusizungumzie zote, maana yote yakisemwa kwa mara moja hakuna litakalosikika. Tutazungumzia mbio za Jumamosi asubuhi, na hasa mbio hizo zinapofanyika siku ya joto. Tunaona baadhi yenu mmeanza kutabasamu, mkijiuliza wazee wenye vitambi wana habari gani na mbio. Ni kweli, sisi hatukimbii. Lakini mbio hizo hupita mbele ya lango letu kila wiki, na mwaka huu zilituletea hoja ambayo kamati iliijadili kwa vikao viwili, hoja ya lango na viatu. Tungependa isemwe hadharani, kuliko kuendelea kunong'onwa kwenye foleni ya prasadi.

Wageni waliotoka mbali huenda hawazijui mbio hizi. Kila Jumamosi kunapopambazuka, watu hukusanyika kwenye uwanja wa mpira: walimu na wanafunzi, wapakiaji mizigo wa stendi, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, na pengine muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Hukimbia au hutembea kilomita tano, wakifuata barabara ya Lushoto hadi mahali mlima unapoanza kukaza, kisha hurudi. Hakuna kiingilio, hakuna medali, hakuna fulana ya mfadhili. Anayetaka kuja huja, na ambaye hakuja haulizwi. Kazi zote hufanywa kwa kujitolea. Mwalimu mmoja huandika majina na muda katika daftari. Vijana wawili wenye vitambaa vyekundu husimama barabara kuu ili mabasi ya Arusha yapunguze mwendo, na wale wanaoyajua mabasi ya Arusha wataelewa kwamba hiyo si kazi ya mtu mwoga. Yupo pia mmoja anayetembea nyuma ya wote, ambaye kwa utani wamemwita Mkia. Mkia amepewa sharti moja tu: asifike kabla ya mtu yeyote.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Sisi tuliosoma miaka ya 1970 tulikimbia mchakamchaka kabla ya kengele ya darasa, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, vumbi likitupanda hadi magotini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake dini wala kabila. Mtoto wa Kigujarati aliyechoka alisukumwa mgongoni na mtoto wa Kisambaa, na siku nyingine ikawa kinyume, ingawa hatuna budi kusema kwamba hiyo kinyume ilikuwa nadra. Mwaka ule wa 1974 Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, ya dakika 3 na sekunde 32.2, kila mtoto mwenye miguu miwili alijiona Bayi. Baadaye mchakamchaka ulihama kutoka shuleni ukaingia mitaani. Dar es Salaam, mtu akiamka mapema siku ya Jumapili huvikuta vilabu vya joging vikikata mitaa kwa nyimbo, kila klabu na sare yake. Zanzibar wameifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Na Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kupambana na maradhi yasiyo ya kuambukiza.

Ughaibuni nako kuna mbio za namna hii, na chanzo chake kinatufaa leo. Tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park kando ya London, watu 13 walikimbia kilomita tano, na wengine watano wakawasimamia. Aliyezianzisha ni Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliyekulia Afrika Kusini. Wakati ule alikuwa ameumia, hawezi kukimbia, naye hakutaka kupotezana na rafiki zake. Kwa hiyo akasimama na saa mkononi, wao wakakimbia. Leo mbio hizo, ziitwazo parkrun, hufanyika kila wiki katika nchi zaidi ya 20, na bado ni bure. Sisi wauza vifaa vya ujenzi tuna sababu yetu ya kuzipenda. Hapo mwanzo, waliofika mwisho wa mbio walipewa washa za chuma, zile zile za kuwekea nati, zilizogongwa namba na kununuliwa katika duka kama letu. Kumbe washa ina kazi nyingine mbali na kukaza mabati.

Mtaona basi kwamba mbio zilizoenea duniani zilianzishwa na mtu aliyesimama. Nasi ndilo jambo tunalotaka kulisema kuhusu mbio zetu. Wakimbiaji hawatakosekana. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, Jumamosi iliyofuata uwanja wetu ulifurika. Kila mmoja alitaka kuwa Simbu. Alipotafutwa wa kushika kitambaa chekundu, watu waliangalia kamba za viatu vyao. Mwalimu wa daftari alitueleza siku ile kwamba mbio hizi zikifa, hazitauawa na uvivu wa wanaokimbia; zitauawa na uhaba wa wanaosimama. Na siku ya joto, maneno yake yanakuwa suala la uhai wa mtu.

Joto la Mombo hatuhitaji kuwaeleza wenyeji, lakini tuwaeleze wageni. Milima ya Usambara imesimama nyuma yetu kama ukuta wa jiko. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, nasi tuko chini yake kwa karibu mita 1,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mtu wa Lushoto huvaa sweta saa ile ile sisi tunapotafuta kivuli, na baina yetu ni kilomita 33 tu za barabara. Wajerumani waliopenda baridi walipanda juu, mji wakauita Wilhelmstal. Wenye maduka waliifuata reli, iliyofika Mombo mwaka 1905, wakabaki huku chini penye wateja. Hatulalamiki, tunasema tu kwamba biashara ina joto lake. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua za masika, saa tatu ya asubuhi huku ni kama saa saba mahali pengine.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, mbio zilipangwa kuanza saa 12 na nusu. Siku hiyo alialikwa mgeni rasmi. Hatutamtaja wala ofisi yake, maana wageni rasmi wote ni ndugu. Mgeni alichelewa. Watu walisimama uwanjani bila kivuli, wakapiga makofi, wakaimba, wakaimba tena. Alipofika alihutubia, na hotuba ilikuwa ya manufaa ya mazoezi. Mbio zikaanza saa mbili na nusu. Sisi tulikuwa tumekwisha kufungua duka, ng'ambo ya barabara, na tuliwaona wa kwanza wakirudi wamevimba nyuso. Kisha akaja kijana mmoja mpakiaji mizigo, mwenye nguvu, ambaye hubeba gunia la mpunga kama mtu abebavyo mto wa kulalia. Alikuwa akienda upande, kama mlevi. Alipofika kwenye kona ya hekalu alianza kuzungumza na mtu ambaye hakuwapo. Akaanguka.

Wakati huo lango la hekalu lilikuwa limefungwa, kama ilivyo desturi baada ya arati ya asubuhi. Mzee mlinzi wetu, ambaye ni Msambaa wa Soni na Mwislamu, na amelinda lango hili kwa miaka mingi, hakumpigia simu mtu yeyote kuomba ruhusa. Alifungua kufuli, akamshika kijana makwapani, akamvuta hadi kwenye kivuli cha ukumbi wa mbele. Yeye mwenyewe alikuwa na viatu, na kijana alikuwa na viatu. Akafungua bomba la tangi na kumwagia maji kichwani, kifuani na mapajani, kisha akachukua boksi la katoni akawa anampepea. Sisi tulivuka barabara na barafu ya friza ya soda, tukaiweka shingoni na makwapani mwake. Mkia alifika akiwa na muuguzi, naye muuguzi akasema tusiache kumwaga maji, gari litasubiri. Kama robo saa ikapita kijana anasema maneno yasiyoeleweka. Kisha akafumbua macho, akatazama sanamu za nakshi zilizo juu ya mlango, akauliza kama amekufa. Hapo tulijua amepona. Alipelekwa kituo cha afya, akapumzishwa, na baada ya wiki chache akaanza tena kubeba magunia.

Tulimwomba muuguzi yule atufafanulie, kwa sababu tulidhani kijana alikuwa amechoka tu. Alitueleza hivi, nasi tunawapa kama tulivyopewa. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu yake, kama robo tatu, hugeuka kuwa joto. Mwili una njia ya kulitoa, nayo ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutiririka, hupoza kwa kukauka. Hewa ikiwa nzito au jua likiwa kali kupita kiasi, joto hubaki ndani na mwili huiva taratibu. Mtu mwenye kizunguzungu, kichefuchefu na mikakamao ya misuli, lakini akili yake iko sawa, aondolewe juani, alazwe miguu juu, anyweshwe. Ila mtu aliyechanganyikiwa, anayepepesuka na kusema ovyo, huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40, na hapo dakika zinahesabiwa. Huyo apozwe kwanza, papo hapo, kwa maji mengi, barafu na upepo. Safari ya hospitali ifuate. Wengi hufanya kinyume, humpakia ndani ya gari lenye joto na kumkimbiza, akafika amechelewa. Wala asilazimishwe kunywa akiwa hajitambui, asije akapaliwa. Akatuonya pia kuhusu wale wanaokunywa maji lita juu ya lita kwa hofu tu. Hao huweza kuizimua chumvi ya damu, nako kuna hatari. Anywe mwenye kiu, kwa kiasi cha kiu yake.

Jambo jingine alilosema liliwashangaza vijana: nguvu hazimkingi mtu. Wanaoanguka mara nyingi ni wale wenye nguvu, kwa kuwa wanaweza kujilazimisha. Bibi anayetembea na kanga begani hujua lini akae chini. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, kwa hiyo mwanafunzi aliyeshuka jana kutoka Lushoto asishindane leo na mtoto wa Mombo.

Sasa tuje kwenye vikao.

Ndani ya wiki ile ile baadhi ya ndugu zetu walileta malalamiko dhidi ya mlinzi. Tunawaheshimu, na tutayasema malalamiko yao kwa haki. Kwanza, aliingia na viatu. Hekalu si stendi; anayevua viatu mlangoni anaacha vumbi la dunia nje, na wazee wetu hawakulegeza jambo hilo hata wakati hekalu lilipokuwa chumba kimoja. Pili, alifungua lango bila idhini, na sanduku la sadaka liko ndani. Tatu, maji: tangi letu ni moja, bomba la mji hukatika, na siku za sikukuu tunahitaji kila ndoo. Nne, na hii ilitolewa na ndugu yetu anayezijua sheria, kama kijana yule angefia katika ukumbi wetu, polisi wangekuja kwetu, na si kwa mgeni rasmi.

Kuhusu viatu, jibu lilitolewa na akina mama wa zamu: ukumbi ulipigwa deki ndani ya robo saa, na arati ya jioni ilifanyika kwa wakati wake. Mlinzi hakuvuka kizingiti cha ndani. Aliijua mipaka vizuri kuliko baadhi yetu tulivyodhani. Kuhusu sanduku, mlango wa ndani una kufuli lake. Kuhusu maji, tulipiga hesabu kama wafanyabiashara. Watu 80 wakinywa bilauri ya robo lita kila mmoja, ni lita 20, yaani dumu moja. Tukiongeza madumu mawili ya kujimwagia, bado ni pungufu ya maji yanayoosha gari la mjumbe mmoja wa kamati hii siku ya Jumapili. Jina lake tunalihifadhi. Yupo hapa, na anacheka.

Hoja ya nne ilitunyamazisha. Tulikaa kimya mpaka ikasikika feni. Kisha mzee mmoja, ambaye hadi hapo alikuwa upande wa kufunga lango, akauliza: na kama angefia nje ya lango lililofungwa, hali sisi tunamtazama, tungeulizwa nini? Hakuna aliyemjibu. Kikao kikaahirishwa.

Katika kikao cha pili mama mmoja alikumbusha neno ambalo vijana wetu wengi hawalijui, neno parab. Kule Gujarat, mwezi wa joto unapofika, mtu mwenye uwezo huweka banda dogo kando ya njia, na ndani yake mitungi ya udongo iliyofunikwa kitambaa kibichi, na mtu wa kuwachotea wapita njia. Haulizwi mpita njia anatoka kijiji gani wala ni wa ukoo gani. Hilo ndilo parab. Bibi zetu walilileta neno hilo katika majahazi pamoja na sufuria zao, na huku pwani wakakuta watu tayari wanalo jambo lenyewe, wanaliita maji ya sabili. Mwenyeji anayaweka mlangoni au msikitini kwa ajili ya Mungu, na anayekunywa hana deni. Mambo mawili yenye asili mbili, mtungi mmoja.

Na siku hizi hata miji mikubwa imeurudia mtungi huo. Mei 2010 jiji la Ahmedabad lilipatwa na joto la nyuzi 46.8, na waliochunguza baadaye walihesabu vifo zaidi ya 1,300 juu ya idadi ya kawaida ya mwezi ule. Mwaka 2013 jiji hilo likaweka mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake katika Asia ya Kusini: kuwaonya watu mapema, kuwafundisha wahudumu wa afya kuzitambua dalili, kuweka maji barabarani, na kufungua majengo ili watu wapumzike kivulini. Miongoni mwa majengo hayo yaliyofunguliwa yamo mahekalu. Tuliposomewa habari hiyo kikaoni, ndugu yetu wa sheria alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba basi mlinzi wetu alikuwa ametekeleza mpango wa Ahmedabad bila kuusoma.

Uamuzi ukapitishwa, nao ni huu. Kila Jumamosi lango la nje litabaki wazi baada ya arati mpaka Mkia apite. Mitungi minne, iliyofinyangwa na akina mama wa huku huku milimani, itakaa chini ya mwembe wa lango, yenye vifuniko na kata. Tumechagua mitungi badala ya chupa za plastiki kwa sababu mbili. Chupa hubaki barabarani na kuishia katika mifereji ya mashamba ya mpunga, na wakulima wana haki ya kutulaumu. Pia mtungi hupoza wenyewe: maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wake na kukauka nje, sawasawa na jasho, wala hauhitaji umeme. Mlinzi hakupewa onyo. Tulipomuuliza angependa zawadi gani, aliomba benchi, kwa sababu miguu humuuma akisimama kumngoja Mkia. Benchi hilo ni lile mlilolipita mlipoingia.

Waandaaji wa mbio nao wamerekebisha mambo yao. Katika miezi ya joto wataanza saa 12 kamili, mgeni awepo asiwepo. Mgeni rasmi akichelewa atatukuta kwenye chai. Ikifika saa moja na watu hawajaondoka, hakuna kukimbia siku hiyo, watatembea. Nao wamekubali kunyamazisha nyimbo kuanzia kona ya duka la mbolea hadi walipite lango, kwa kuwa saa hiyo arati huwa inaendelea. Hatukuwaomba hilo. Walikuja wenyewe kutuambia, na Jumamosi ya kwanza tulisikia ukimya wao ukipita, vishindo vya miguu tu, kisha wimbo ukalipuka upande wa pili wa uwanja.

Tangu hapo yametokea mambo madogo ambayo hatukuyapanga. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katika kilele cha joto. Tulidhani mitungi itakosa wachotaji, kwa kuwa vijana wawili wa zamu ni Waislamu. Walikuja wote wawili, wamefunga, wakawachotea wengine maji kwa saa nzima, wao wenyewe midomo imekauka. Ndugu zetu Wasabato hawawezi kushiriki Jumamosi, nayo ni ibada yao. Lakini mmoja wao hutuletea barafu kila Ijumaa kabla jua halijazama, akaenda zake. Hatujui kama kuna mahali pengine duniani ambapo mtungi wa Wahindu hulindwa na Msambaa, huchotwa na aliyefunga na hutiwa barafu na Msabato. Huenda pako. Ila sisi tunajua hapa.

Ndugu zetu wa jumuiya hii, tuna neno la ndani pia, na majirani mtuwie radhi kwa dakika moja. Sisi tunakaa nyuma ya kaunta kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linazama. Tunakunywa chai yenye sukari mara tano, na katikati yake kuna jalebi. Madaktari wanasema watu wenye asili ya Bara Hindi hupata kisukari cha ukubwani mapema kuliko wengine na kwa uzito mdogo zaidi. Katika safu hizi za viti tunawahesabu wanaojidunga sindano, na mnajuana. Hivyo msidhani kwamba tunawaomba mje langoni kwa faida ya wengine tu. Mkija kuchota maji mtaona wenzenu wa rika lenu wakitembea nyuma karibu na Mkia, na pengine miguu itawavuta. Mwenye duka mmoja imeshamtokea. Alikuja na kata, wiki ya tatu akaja na raba.

Na wale wanaoogopa kuwa wa mwisho, tuwakumbushe John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu kutoka Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka akaumia goti, akaendelea na bendeji mguuni, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wakati watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Dunia imemsahau karibu kila aliyemtangulia siku ile, naye bado anatajwa. Sisi kila tunapoisikia habari yake huwafikiria pia wale waliokuwa bado wamesimama pale, hakimu mwenye saa, mtu wa taa, yeyote aliyekuwa na ndoo ya maji, ambao hawakwenda kula kwa sababu mtu mmoja alikuwa bado njiani.

Tumekwisha kuwachosha, na chakula kinapoa. Yamebaki matangazo. Daftari la zamu liko juu ya meza ya prasadi, upande wa kushoto, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee kama ya mwezi uliopita. Kila Jumamosi tunahitaji watu wanne: wawili wa kuchota, mmoja wa kukaa na barafu pamoja na taulo, na mmoja wa kitambaa chekundu barabara kuu. Wa kitambaa awe na sauti. Si lazima awe muumini wa hekalu hili, na hadi sasa nusu ya majina si yetu. Jumamosi hii zamu ina watu watatu. Mitungi hujazwa Ijumaa jioni baada ya arati, ili maji yapoe usiku kucha. Wachotaji wafike saa 11 na nusu alfajiri. Mzee atakuwa ameshafungua lango. Chai ya tangawizi itakuwapo, sukari kidogo.